Mwenye Mashine Naye Aulizwe

(Haya ni maneno yaliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama Homa Bay, juu ya kanuni za mjini za baisikeli na pikipiki za umeme zinazokodishwa. Yamepigwa chapa ili wenzetu wa Migori, Awendo na Isebania ambao hawakuweza kufika nao wayasome.)

Ndugu wanachama, mama zetu na dada zetu wafanya kazi, na jamaa wote mliofika,

Twawashukuru kwa kuiacha siku yenu ya mapumziko. Twajua kuna waliotoka Mbita na waliotoka Oyugis, na nauli hiyo hakuna atakayewarudishia.

Labda wengine wanajiuliza, watu wa reli wana habari gani na baisikeli? Hapa Homa Bay hapana reli, na Migori hapana. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na upande huu wa kusini haikupata kuja. Baba zetu walipotaka kwenda kazini Nairobi au Mombasa walipanda meli ya Reli hapa bandarini, au Kendu Bay, ikawavusha ghuba mpaka Kisumu kwenye gari la moshi. Ndiyo sababu wazee wa hapa wakisikia neno stima hukumbuka meli, na vijana wakilisikia hukumbuka nyaya za umeme. Meli hizo hazichukui tena abiria wa hapa. Basi sisi tunaofanya kazi ya reli Kisumu, na ambao nyumba zetu ziko huku, tukipata likizo tunapanda matatu mpaka Rongo au Rodi Kopany, na kutoka hapo mpaka mlangoni twategemea magurudumu mawili. Mwalimu ni vivyo hivyo, na mwuguzi, na karani, na mkata miwa wa Awendo, na mama anayepeleka omena sokoni. Kwa hiyo msituone tumeingilia mambo yasiyotuhusu.

Sasa magurudumu hayo yanabadilika, nasi twaona ni heri tuzungumze mapema.

Kuna baisikeli yenye mota ndogo: mtu anakanyaga, na mota inamsaidia. Kuna pikipiki ya umeme isiyotumia petroli. Na kuna skuta ya kusimama, yaani ubao wenye magurudumu madogo na usukani, kama kitu cha kuchezea watoto, lakini katika miji ya Ulaya watu wazima wenye tai huenda nayo ofisini. Hii ya mwisho, kwa changarawe yetu na matope ya Aprili, hatudhani itafika mbali. Lakini zote tatu zina jambo moja la kuangaliwa. Mara nyingi anayepanda si mwenyewe. Ameikodi. Analipa kwa simu kwa hesabu ya dakika, au kwa siku, au analipa kila anapobadilisha beteri. Na mwenye mashine yuko katika ofisi ya mbali, pengine hata nchi nyingine.

Mambo haya si ndoto. Kigali, katika Rwanda, tangu Septemba 2021 kulianzishwa baisikeli za kukodi za kampuni iitwayo Guraride, ambazo mtu huzichukua katika kituo kimoja akaziacha katika kingine. Mwaka 2023 Rais Ruto alizindua pikipiki za umeme Mombasa, na Sheria ya Fedha ya mwaka huohuo ikaondoa kodi ya VAT katika pikipiki na baisikeli za umeme. Na wala si lazima twende mbali. Hapa Mbita kuna WeTu, kampuni iliyoanzishwa na Siemens Stiftung ya Ujerumani, yenye vituo vya umeme wa jua kandokando ya ziwa. Wavuvi wa omena wanaijua kwa taa zake, na imekuwa na pikipiki za umeme pia. Kwa hiyo anayesema mambo haya ni ya wazungu, na aende mpaka Mbita akatazame.

Hatukuja kuyapinga. Mashine isiyotoa moshi ni kitu chema. Kila mmoja wetu anajua petroli ilivyomla mwendesha boda: anafanya kazi mchana kutwa, na jioni akihesabu anakuta nusu ya jasho lake imekwenda kwenye tangi. Neno letu ni juu ya kanuni. Zitamfunga nani? Na zitaandikwa lini, kabla watu hawajaumia au baada?

Kumbukeni boda boda yenyewe. Ilianza Busia mpakani katika miaka ya 1960, vijana wakipakia watu na mizigo nyuma ya baisikeli kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Kazi hiyo ikaenea, ikalisha nyumba nyingi Kisumu na huku kwetu. Kisha mwaka 2008 Serikali ikaondoa kodi katika pikipiki ndogo, nazo zikamiminika. Lilikuwa jambo jema. Lakini mabadiliko ya Sheria ya Trafiki yaliyoandika wazi wajibu wa mwendesha pikipiki, helmeti, jaketi la kung'aa na abiria mmoja tu, yalipitishwa mwaka 2012, na kanuni za NTSA zikafuata mwaka 2015. Mashine zilitangulia, sheria ikafuata nyuma ikitweta. Katikati hapo vijana wetu walijifunza kazi kwa kuanguka. Nanyi mnajua ni nyumba gani kijijini kwenu zenye kijana anayetembea kwa magongo.

Sasa tuwaambie habari ya mwenzetu mmoja. Jina lake hatulitaji, na mji hatuutaji, wala kampuni. Ila mjue haikuwa Mbita, wala haikuwa katika kaunti hizi mbili.

Huyu ni mtu wa njia, yaani kazi yake ni kutengeneza reli na mataruma. Jioni moja alitoka kazini amechoka akakodi baisikeli ya umeme kwa simu, ili afike nyumbani kabla ya mvua. Palikuwa na mteremko wa kushuka sokoni. Alipobana breki ya nyuma haikushika. Akabana ya mbele, baisikeli ikamtupa juu ya mkokoteni wa nyanya. Mfupa wa bega ukavunjika. Nyanya za watu zikamwagika, na mwenye mkokoteni akataka alipwe palepale. Askari akafika, akauliza: laiseni iko wapi? Mwenzetu akasema, hii ni baisikeli, nayo baisikeli haina laiseni. Askari akasema, hii ina mota, ni pikipiki. Bima iko wapi? Hakuna. Namba ya mashine iko wapi? Hakuna, ila kibandiko cha kampuni chenye mistari ya kusomwa na simu. Basi mtu akaandikiwa shitaka, na baisikeli ikafungiwa kituoni.

Sisi wenzake tulikwenda hospitali, kisha tukaenda kituoni. Siku ya tatu tulipofika tukaambiwa baisikeli imekwisha chukuliwa na wenyewe. Wamekuja na karatasi zao, wakaipakia kwenye pikapu, wakaenda zao. Mtu bado yuko hospitali na shitaka liko palepale, lakini mashine imetoka. Na katika simu yake kampuni ilikuwa imekata fedha za matengenezo, ikafunga hesabu yake asikodi tena. Tulipowaandikia juu ya ile breki, walitujibu kwamba mpandaji alikubali masharti. Tukayatafuta hayo masharti. Yalikuwa ya Kiingereza, marefu kama Kitabu cha Hesabu katika Biblia, na katikati yake palikuwa na maneno kwamba mpandaji anakubali hatari yote na kwamba ni wajibu wake kukagua breki kabla ya kupanda. Mwenzetu huyu alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kama wengi wetu. Alibonyeza palipoandikwa "Nakubali" kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Wiki sita alikaa bila kufanya kazi. Tulichanga. Nyanya tulizilipa sisi.

Ndugu, katika kazi yetu ya reli gari likiacha njia hawamkamati dereva peke yake wakasema kesi imekwisha. Huitwa watu wa uchunguzi. Dereva anaulizwa alikuwa akienda mwendo gani. Stesheni masta anaulizwa alitoa ruhusa gani. Fundi anayekagua mabehewa anaulizwa ni lini alitazama breki, na aonyeshe alipotia sahihi. Mnyapara wa njia anaulizwa kama misumari ya mataruma ilikaza. Kila mmoja ana kitabu chake na jina lake limo. Hatusemi kwamba siku zote haki hutendeka. Mara nyingine mdogo ndiye hubebeshwa, nasi kama chama tumekwisha piga kelele juu ya hayo. Lakini angalau maswali huulizwa juu mpaka chini. Barabarani huulizwa mmoja tu, yule aliyelala chini anavuja damu.

Watu watasema, sheria ndivyo ilivyo. Sivyo. Tazameni Sheria ya Bima ya Magari, ile ya sura ya 405, inayohusu madhara kwa watu wengine. Haisemi tu kwamba mtu asitumie gari barabarani bila bima. Inasema pia asimsababishe wala asimruhusu mwingine alitumie bila bima. Maneno hayo ni mazito. Mwenye mashine anayeifungua kwa simu ili wewe uipande, amekuruhusu. Hata fedha amepokea. Basi kama mashine ile ni gari kwa macho ya sheria, hatia ya kukosa bima haianzi kwa mpandaji. Na kama si gari, ni baisikeli tu, basi kwa nini mpandaji aulizwe laiseni? Haiwezi kuwa pikipiki wakati wa kumshitaki mfanya kazi, ikawa baisikeli wakati wa kumtoza mwenye kampuni.

Wenzetu wa Ulaya waliliona shimo hili wakalifunika. Huko baisikeli ambayo mota yake haizidi wati 250, na msaada wake unakatika ikifika kilomita 25 kwa saa, huhesabiwa kuwa baisikeli; ikizidi hapo ni jambo lingine. Kila mtu anajua mstari uko wapi. Na Uingereza, walipoanza kujaribu skuta za kukodi, London tangu Juni 2021, mwenye kukodisha ndiye aliyetakiwa kuweka bima, si yule anayepanda kwa dakika kumi. Mwendo nao umefungwa ndani ya mashine yenyewe: London haipiti maili 12 na nusu kwa saa, hata mpandaji akiwa na haraka ya namna gani. Kampuni zinafanya kazi vivyo hivyo, hazijafa.

Kuna jambo jingine ambalo wanachama wengi hawalijui. Iko Sheria ya Malipo ya Ajali za Kazini ya mwaka 2007, ambayo makarani huiita WIBA. Ukiumia kazini, unalipwa. Ukiumia ukiwa safarini kwenda kazini au kurudi, katika gari lililotolewa na mwajiri kwa ajili ya kuwachukua wafanya kazi, hiyo pia huhesabiwa kuwa kazini. Lakini mwenzetu alikodi mwenyewe, kwa simu yake na fedha yake. Kwa hiyo hapo hakuna kitu. Sikilizeni vizuri, hasa ninyi wa afya ya mashinani na ninyi wa kampuni za kupeleka mizigo: mwajiri akikuambia "kodi ile ya umeme, tutakurudishia fedha mwisho wa mwezi," mwambie aandike karatasi kwamba chombo hicho amekitoa yeye kwa ajili ya kazi. Neno la mdomo halifiki kortini. Karatasi moja fupi yenye mhuri inaweza kuwa tofauti ya mtu anayelipwa na mtu anayechangiwa.

Sasa, nani wa kuandika kanuni za mjini? Usajili na laiseni ni kazi ya Serikali kuu. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa Kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabarani. Maana yake, wapi mashine zitasimama, wapi hazipiti, nani apewe kibali cha kuzikodisha mjini na kwa masharti gani, hayo Kaunti ya Homa Bay yaweza kuyaandika, na Kaunti ya Migori kadhalika. Na Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 196, inalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi. Wakitutangazia mkutano na sisi tukakaa nyumbani, kanuni zitaandikwa na waliofika.

Juu ya hilo la kukaa nyumbani, tuwaeleze habari ya Paris. Mji ule ulikuwa na skuta za kukodi kama 15,000, za kampuni tatu. Zikawa kero. Watu walizitupa juu ya njia za miguu, vipofu wakajikwaa, wawili wakapanda moja. Mji ukaweka kanuni: mwendo usizidi kilomita 20, na mahali pengine kumi; mashine zisimame katika vituo vilivyochorwa. Hata hivyo malalamiko hayakwisha. Basi tarehe 2 Aprili 2023 wakapiga kura: zikae au ziondoke? Waliofika kupiga kura walikuwa kama 103,000 tu, hata watu wanane katika kila mia ya waliokuwa na haki hawakutimia. Katika hao, 89 kwa mia wakasema ziondoke. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo hazikuwako tena.

Hatuwahurumii wenye kampuni. Fikirini juu ya kijana aliyekuwa akizitumia kwenda kazi ya usiku, hoteli au hospitali, saa ambazo treni zao zimelala. Huyo hakwenda kupiga kura, au alikwenda akazidiwa. Na fikirini juu ya wale waliokuwa wameajiriwa kuzikusanya usiku na kubadilisha beteri. Kanuni zilipokuwa zinawafunga wapandaji peke yao ujeuri ulizidi, na ujeuri ulipozidi mji ukaona dawa ni moja, kufuta. Sisi hatutaki Homa Bay ifike huko. Huku wapo wanaosema, na wengine ni ndugu zetu waendesha boda, kwamba mashine za kukodi zipigwe marufuku kabisa kwa maana zitawanyang'anya abiria. Uchungu wao twauelewa, lakini hatukubaliani nao. Baisikeli za Kisumu zilipigwa na pikipiki, na hakuna aliyeweza kuzuia. Afadhali mwendesha boda aingie katika mashine mpya akiwa na haki zake kuliko kubaki nje akirusha mawe.

Basi twataka nini? Tumezungumza sana juu ya hili, na hatukukubaliana katika yote.

La kwanza tulilokubaliana ni namba. Wazee wanatuambia kwamba zamani baisikeli ililipiwa laiseni kwa halmashauri, ikapigiliwa kibati. Waliichukia kodi ile, na haki yao. Lakini kibati kilikuwa na faida moja, kilisema chombo ni cha nani. Kila mashine ya kukodi iwe na namba kubwa inayosomeka kwa macho, bila simu, na namba hiyo iandikwe katika daftari la manispaa pamoja na jina la mwenyewe na ofisi iliyo ndani ya kaunti. Si anwani ya Nairobi. Ofisi ambayo mama mwenye nyanya anaweza kwenda kwa miguu.

Breki. Katika reli behewa haliondoki bila kukaguliwa. Mwenye kukodisha awe na fundi, na fundi atie sahihi na tarehe, na karatasi ionekane. Yale maneno kwamba mpandaji ndiye akague breki yasikubaliwe katika kibali chochote. Anayepanda kwa dakika kumi ataifunguaje breki? Wenye kampuni kwao mzigo wa mwenzao ni kanda la usufi.

Kisha lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Basi masharti yaandikwe kwa Kiswahili, mafupi, na hapa yaandikwe kwa Kijaluo pia. Na Migori, kwa kuwa kule kuna Wakuria wengi, kwa Kikuria. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kuelezwa mambo yanayomfaa juu ya kitu anacholipia. Jambo usiloweza kulisoma hujaelezwa.

Mwendo katika soko ufungwe na mashine yenyewe, kama London. Teknolojia hiyo iko, wanaweza kuizima mashine wakiwa ofisini, tumeona. Kama waweza kuizima kwa sababu sijalipa, waweza kuipunguza mwendo kwa sababu kuna watoto. Tena mashine hizi hazina sauti. Mzee asiyeona vizuri anavuka pale karibu na bandari akisikiliza, na hiki chombo hakisikiki. Ulaya tangu Julai 2021 motokaa mpya za umeme ni lazima zitoe sauti zikienda polepole. Huku tunataka angalau kengele inayolia, na mtu aipige.

Na Migori kuna shida yake. Mji umepasuliwa na barabara kuu inayotoka Kisii kwenda Isebania, malori ya Tanzania yanapita mlemle wanamopita watu wa sokoni, na darajani hapana nafasi ya baisikeli kujitenga. Ile ni barabara ya Serikali kuu, Kaunti haiwezi kuichora peke yake. Wenzetu wa Migori itawabidi waandike barua mbili.

Juu ya helmeti tulibishana. Sheria inaitaka kwa pikipiki, nasi tunaiunga mkono. Lakini dada zetu walisema wazi: helmeti moja kwa vichwa arobaini kwa siku, hawavai. Hawakusema uongo. Mmoja alipendekeza kila mtu abebe kitambaa chake cha kuvaa ndani, na mwenye mashine atoe vya karatasi. Twaona ni shauri jema, lakini wengine walicheka, na jambo likabaki hapo.

Tuseme na makosa yetu. Baadhi yetu tunapanda watatu. Baadhi yetu tunafunga gunia la samaki mpaka mpandaji haoni nyuma. Kuna mwanachama, anajijua, aliyeendesha baada ya matanga akiwa amelewa, na asubuhi akatwambia breki zilikuwa mbaya. Tukitaka mwenye mashine aulizwe, nasi tukiulizwa tujibu kweli. Chama hakitamsimamia mtu aliyekunywa.

Kuna mmoja aliyetuuliza: mkizidisha masharti, kampuni si zitakimbilia Kisumu, na sisi tubaki na vumbi letu? Ni swali la haki. Jibu letu ni kwamba bima, namba na fundi ni gharama za kazi, kama kuni ni gharama ya mwoka mikate. Kampuni isiyoweza kulipa hizo, faida yake yote inatoka katika mabega ya watu kama yule mwenzetu. Hiyo na ikimbie. Lakini Kaunti nayo isitugeuzie kibali kuwa mtego wa ushuru; ada ikiwa kubwa, mwenye mashine ataitoa kwa mpandaji, nasi ndio wapandaji. Hapo ndipo tunaomba wajumbe wetu wawe macho.

Wengi hapa mnajivunia Tom Mboya wa Rusinga, na kaburi lake mmelizuru. Wachache hukumbuka kwamba kabla ya kuwa waziri, kabla ya Kenya Federation of Labour, alikuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Mji wa Nairobi, akizunguka kuangalia kama kanuni za mji zinafuatwa. Akiwa katika kazi hiyo akaunda chama cha wafanya kazi wa halmashauri. Alizijua kanuni za mji kwa ndani, tena alijua zinamwangukia nani.

Basi tumeandika ombi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa Kaunti juu ya jambo lililo chini yake, na halilipiwi. Ombi ni kurasa mbili, la Kiswahili, moja kwa Karani wa Bunge la Kaunti ya Homa Bay na moja kwa wa Migori. Halitaji kampuni yoyote. Nakala ziko mezani kwa katibu. Asome kwanza mtu, ndipo atie sahihi. Asiyejua kusoma asomewe na jirani, si na sisi tulioliandika. Wa Migori watapata zao kwa dereva wa matatu ya saa nane, watie sahihi na namba ya kitambulisho, wazirudishe kabla ya mwisho wa mwezi. Atakayekuwa na nafasi ya kwenda kulipeleka kwa mkono amwone katibu leo, maana tunataka watu sita, na mpaka sasa tuna wanne.

Wenye maswali wainue mkono.